Tovuti kwanza au programu ya simu? Mwongozo kwa anayeanzia Lamu

Jibu ni hili: anza na tovuti, lakini jifunze sehemu tu ya kazi hiyo, na ujiwekee kikomo. Ukitenga saa mbili kila siku, miezi miwili hadi mitatu inatosha, kisha uvuke kwenda kwenye simu. Anayekaa mwaka mzima akifukuzia kila fremuweki mpya ya tovuti (mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandaliwa) huku nia yake ni simu anajichelewesha bure. Naye anayefungua Android Studio (programu ya Google ya kutengenezea programu za Android) siku ya kwanza, hajui ombi la HTTP (ujumbe ambao programu hutuma ikiomba data) ni kitu gani, atakwama siku programu yake itakapohitaji kuzungumza na seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza data na kujibu maombi. Programu za malipo, za kuweka nafasi, za habari na za ratiba zote huzungumza na seva.

Mfano tutakaoutumia ni ratiba ya boti zinazotoka Lamu kwenda Mokowe, Mtangawanda, Faza na Kizingitini. Ni kazi ndogo, lakini ndani yake mna saa, mna maji kujaa na kupwa, mna mtandao unaokatika njiani, na mna nauli ya kulipwa. Ukiimaliza sawasawa, umejifunza mengi kuliko kutazama masomo ya video mwezi mzima.

Hatua ya 1: Jua programu yako itafanya nini

Kabla ya kuchagua lugha, andika kwenye karatasi mambo matatu: nani ataitumia, ana simu gani, na programu inahitaji nini kutoka kwenye simu hiyo.

Kama kazi ni kuonyesha habari, kupokea fomu, kuweka nafasi au kulipisha, tovuti inaitosha. Kama programu inapaswa kuendelea kufuatilia mahali boti ilipo wakati skrini imezimwa, au kuzungumza na printa ndogo ya risiti kwa Bluetooth, au kusoma faili nyingi za simu, hapo unahitaji programu halisi ya simu, na tovuti itakusaidia kwa upande wa seva peke yake.

Jambo la simu gani lina uzito wake hapa kwetu. Manahodha, wachuuzi na wanafunzi wengi wanatumia Android. Miongoni mwa wageni wanaolala Shela, wako wanaokuja na iPhone. Kutengeneza programu ya iPhone kwa kawaida kunahitaji kompyuta ya Mac yenye Xcode (programu ya Apple ya kutengenezea programu), na akaunti ya Apple ya kuichapisha ni dola 99 za Marekani kila mwaka. Ukurasa wa tovuti hufunguka kwenye simu zote mbili siku hiyo hiyo, bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa mtu mwenye mtaji mdogo, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutanguliza tovuti.

Nani aruke moja kwa moja kwenye simu? Mwenye laptopu ya RAM 16 GB, mwenye wazo ambalo haliwezekani bila vifaa vya ndani ya simu, na ambaye tayari ameshaandika msimbo wa lugha yoyote. Huyo aanze na Kotlin, ambayo Google iliitangaza kuwa lugha ya kutangulizwa kwenye Android mwaka 2019, na ajifunze HTTP na JSON (mtindo wa kuandika data) huku akiendelea. Wengine wote waendelee na hatua ya 2.

Hatua ya 2: Pima mashine yako na bando lako

Kwa tovuti unahitaji kivinjari na kihariri cha msimbo. VS Code inapakuliwa kwa megabaiti mia hivi na hufanya kazi vizuri kwenye laptopu ya RAM 4 GB. Asiye na laptopu anaweza kuanza kwenye simu kwa kihariri cha Acode. Ni kazi ya kuchosha vidole, lakini HTML, CSS na JavaScript zote zinakwenda.

Android Studio ni habari nyingine. Inataka RAM 8 GB kwa uchache, na ukitaka kuendesha emuleta, yaani simu bandia ndani ya kompyuta, hesabu 16 GB. Programu yenyewe, vifaa vyake vya Android na faili ambazo Gradle, chombo chake cha kujengea programu, hupakua mara ya kwanza ni gigabaiti kadhaa. Upakuaji ukikatika katikati, mradi hukataa kufunguka na hutoa makosa yanayofanana na kosa lako wewe, kumbe ni faili pungufu. Nenda mahali penye Wi-Fi imara, fungua mradi mtupu, acha Gradle imalize, endesha mradi huo mara moja, ndipo urudi nyumbani. Baada ya hapo unaweza kujenga bila mtandao mpaka utakapoongeza maktaba mpya ya msimbo.

Emuleta iache kabisa kama RAM yako ni 8 GB. Tumia simu yako: fungua mipangilio, sehemu ya taarifa za simu, gonga namba ya toleo la muundo (Build number) mara 7, kisha washa utatuzi wa USB (USB debugging) kwenye menyu mpya ya wasanidi. Simu isipoonekana kwenye kompyuta, badilisha kebo kwanza kabla ya kuhangaika na kitu kingine. Kebo nyingi za bei rahisi huchaji tu na hazipitishi data.

Hatua ya 3: Jifunze sehemu hizi za tovuti, nyingine ziache

HTML ni ya wiki moja: vichwa, aya, orodha, viungo, fomu na aina za vijisanduku vyake. CSS ni ya wiki mbili, na muda mwingi uwe kwenye flexbox, kwa sababu mpangilio huo wa mstari na safu utakutana nao tena kwenye simu karibu kama ulivyo.

JavaScript ndiyo ya kukalia. Vigeu, masharti, funksheni, orodha na jinsi ya kuzichuja, objekti, kisha kazi zinazosubiri: fetch, async na await. Hapa ndipo watu wengi hukimbia, na ndipo hasa hapakimbiwi. Kila programu ya simu utakayoandika itatuma ombi, itasubiri, na itapokea jibu au kosa. Dart, lugha nyingine ya programu za simu, ina async na await zake, Kotlin ina coroutines zake, lakini fikra ni ile ile.

Halafu HTTP yenyewe: tofauti ya GET na POST, vichwa vya ombi, na maana ya namba za majibu. 404 ni kwamba ulichoomba hakipo, 401 ni kwamba hujajitambulisha, 500 ni kwamba seva yenyewe imeharibikiwa. Mwisho, seva ndogo ya Node (JavaScript inayoendeshwa nje ya kivinjari) yenye hifadhidata ya SQLite, njia tatu au nne tu: kusoma ratiba, kuongeza safari, kubadilisha, kufuta.

Yaache haya kwa sasa: jQuery, WordPress, mapambo ya mwendo, na fremuweki za tovuti zinazotoka kila mwaka. Si mabaya. Hayatakufuata tu kwenye simu.

Hatua ya 4: Jenga ratiba ya boti

Anza na data. Kosa la kawaida ni kupanga safari kwa siku za wiki: Jumatatu saa fulani, Jumanne saa fulani. Boti za kisiwa cha Pate (Mtangawanda, Faza na Kizingitini) hufuata maji, na maji kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Ratiba ya Jumatatu hii haitafaa Jumatatu ijayo. Kwa hiyo kila safari iwe na tarehe na saa yake kamili, hivi (saa ni ya mfano tu):

{ "kutoka": "Lamu", "kwenda": "Mtangawanda", "ondoka": "2025-03-04T10:30:00+03:00" }

Ile +03:00 mwishoni ni saa ya Afrika Mashariki. Hifadhi saa daima kwa mtindo huu wa saa 24, na uigeuze kuwa saa ya Kiswahili pale tu unapoionyesha:

function saaYetu(ondoka) {
  const saa = Number(ondoka.slice(11, 13));
  const dakika = ondoka.slice(14, 16);
  return "saa " + ((saa + 6) % 12 || 12) + ":" + dakika;
}

Ukiipa safari ya hapo juu inakurudishia saa 4:30. Tazama ile || 12. Bila hiyo, boti ya alfajiri ya 06:00 itaonyeshwa kuwa inaondoka saa 0:00, kwa sababu 12 ukigawa kwa 12 hakuna kinachobaki. Tazama pia kwamba saa imechukuliwa kutoka kwenye maandishi yenyewe, si kwa getHours, ambayo hufuata saa ya simu. Ukitumia getHours, mgeni ambaye simu yake bado iko kwenye saa za Ulaya ataonyeshwa saa ya kwao, naye akiifuata kwa saa ya hapa atafika gatini mapema mno. Neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku liongeze kwa masharti manne mepesi. Usiliache, maana saa 4:30 zipo mbili kwa siku.

Mambo matatu yatakukwamisha hapa. La kwanza, ukifungua ukurasa kwa kubofya faili mara mbili, fetch haitasoma boti.json, faili yenye safari zako, kwa sababu kivinjari hukataza ukurasa wa file:// kusoma faili nyingine kwa njia hiyo. Fungua terminali ndani ya folda, andika python3 -m http.server 8000, kisha uende localhost:8000. La pili, ukisahau await utaona neno Promise mahali pa data. La tatu ndilo la hila zaidi: fetch haihesabu 404 au 500 kuwa kosa. Huingia kwenye catch, sehemu ya msimbo inayopokea makosa, pale tu ombi lenyewe linaposhindwa, kama mtandao unapokosekana. Ni lazima uangalie mwenyewe kama jibu.ok ni kweli, la sivyo ukurasa wa kosa utausoma kama ratiba.

Hatua ya 5: Ifanye ikae kwenye simu bila duka

Kabla ya kugusa Android, geuza tovuti hiyo kuwa programu inayosakinika kutoka kwenye kivinjari, ile inayoitwa PWA. Inahitaji anwani ya HTTPS (GitHub Pages inakupa bure), faili ya manifest yenye jina na ikoni za 192 kwa 192 na 512 kwa 512, na service worker, yaani msimbo unaokaa kati ya ukurasa na mtandao na kuweka nakala za faili ndani ya simu.

Faili ya service worker iweke kwenye folda ya juu kabisa ya tovuti. Ukiificha ndani ya folda ya js, kwa kawaida itasimamia kurasa za folda hiyo tu, nawe utashangaa kwa nini hakuna kinachohifadhiwa.

Kisha gawanya faili kwa tabia yake. Picha, CSS na msimbo zitoke kwenye nakala kwanza, kwa sababu hazibadiliki kila saa. Ratiba itafutwe mtandaoni kwanza, na nakala itumike pale tu mtandao unapokosekana. Wanaoanza hupenda kuweka kila kitu kwenye nakala kwanza kwa sababu kinafunguka upesi, na matokeo yake msafiri anaonyeshwa ratiba ya juzi kana kwamba ni ya leo. Kwenye programu ya kupika hilo ni usumbufu. Kwenye ratiba ya boti, mtu anabaki gatini na mtoto na mizigo akisubiri chombo kilichokwisha kwenda. Kwa hiyo onyesha juu ya ukurasa, kwa herufi zinazosomeka juani, ratiba ilipatikana mara ya mwisho lini. Na kila ukibadilisha CSS au msimbo, badilisha jina la nakala, kama boti-v1 kuwa boti-v2, na ufute la zamani.

Jaribio lake ni rahisi: fungua ukurasa, weka simu kwenye hali ya ndegeni, ufunge, ufungue tena.

Kwa wengi, safari inaweza kuishia hapa kwa halali kabisa. Kama watumiaji wako wanapata wanachotaka, hakuna deni la kutengeneza programu ya duka.

Hatua ya 6: Vuka

Uko tayari kuvuka ukiweza kuandika, bila kunakili popote, ukurasa unaochukua orodha kutoka kwenye seva, unaoonyesha ujumbe mtandao unapokosekana, na wenye fomu inayotuma safari mpya. Ukikwama kwenye hayo, bado wiki mbili.

Chaguo ni tatu. React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, inatumia JavaScript unayoijua tayari; anza nayo kupitia Expo, vifaa vinavyorahisisha kuianza. Flutter ya Google, toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018, inatumia Dart. Lugha ni mpya kwako lakini inashikika upesi ukitoka JavaScript. Kotlin pamoja na Jetpack Compose (vifaa vya Google vya kujengea skrini) ni ya Android hasa. Kwa aliyepita njia hii, ushauri wetu ni React Native, kwa kuwa inapunguza vitu vipya vya kujifunza kwa wakati mmoja. Flutter ni chaguo jema pia, na ukiona mistari ya njano na nyeusi pembeni mwa skrini, ujue maandishi au picha zimezidi nafasi: zifunge ndani ya Expanded, kijenzi cha Flutter kinachozibana ndani ya nafasi iliyopo.

Flexbox utaikuta kwenye React Native, ila huko mwelekeo wa kawaida ni wa juu kwenda chini, si wa kushoto kwenda kulia. Hakuna div, kile kisanduku cha HTML, kuna View, na maandishi yote lazima yawe ndani ya Text, la sivyo programu inaanguka.

Kuna jambo ambalo tovuti haikufundishi, nalo ni maisha ya programu ndani ya simu. Mtumiaji akipokea simu katikati ya kujaza fomu, mfumo unaweza kuiua programu yako ili kupata nafasi. Kwenye Android, kugeuza simu upande kwa kawaida huharibu skrini na kuijenga upya. Alichoandika mtu kihifadhi kabla, usingoje abonyeze kitufe. Na kwenye tovuti ukirekebisha kosa leo, kila mtu amelipata rekebisho. Kwenye simu, watu hukaa na toleo la zamani miezi mingi kwa kuokoa bando. Weka namba ya toleo kwenye anwani ya seva, kama /v1/safari, na usibadilishe jina la "ondoka" kuwa kitu kingine kwenye v1 hata ukilichoka.

Makosa ya wiki ya kwanza karibu yote ni ya mtandao. Programu kwenye simu ikiita localhost, inaita simu yenyewe, si laptopu yako. Kwa simu iliyounganishwa kwa kebo, andika kwenye terminali adb reverse tcp:3000 tcp:3000 (3000 ni namba ya mlango wa seva yako). Kwa emuleta tumia 10.0.2.2. Tangu Android 9, anwani za http bila s zinazuiwa kwa kawaida. Na kwenye Flutter kuna mtego maalumu: ruhusa ya INTERNET imewekwa kwenye manifest (faili ya maelezo ya programu ya Android) ya majaribio lakini haimo kwenye manifest kuu. Programu itafanya kazi vizuri mezani kwako, kisha ukiitoa rasmi haitapata mtandao kabisa. Iongeze mwenyewe kwenye manifest kuu mapema.

Hatua ya 7: Nauli kwa M-Pesa

Hapa ndipo utajua kwa nini ulianza na tovuti, kwani kazi karibu yote iko kwenye seva. Daraja, mlango wa Safaricom kwa watengenezaji, ina mazingira ya majaribio ya bure yenye namba fupi 174379. Programu ya simu inatuma kwa seva yako namba ya mlipaji na safari anayoitaka. Seva ndiyo inayokokotoa nauli, kuomba tokeni (kibali cha muda) na kutuma ombi la STK, lile linalomletea mlipaji dirisha la kuingiza PIN. Tokeni huisha baada ya sekunde 3600, kwa hiyo iombe upya kabla haijaisha.

Funguo za siri zisiingie kamwe ndani ya programu ya simu. Faili ya programu mtu yeyote anaweza kuifungua na kuzisoma. Namba ya simu igeuze kuwa mtindo wa 2547 au 2541 kabla ya kutuma, kwa sababu watu wataandika 07, 01, +254, tena na nafasi katikati. Anwani ya kupokea majibu iwe ya HTTPS na ifikike kutoka nje, localhost haifiki.

Kosa linalokula pesa ni kudhani ombi likikubaliwa basi nauli imelipwa. ResponseCode ya 0 inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Malipo yamefanyika pale jibu la pili linapofika kwenye seva yako likiwa na ResultCode ya 0. Likija na 1032, mlipaji amefuta mwenyewe. Tiketi itolewe baada ya jibu hilo la pili, si kabla.

Hatua ya 8: Duka la Google Play

Akaunti ni dola 25 za Marekani, unalipa mara moja. Faili ya kupakia ni ya aina ya AAB. Aina ya zamani, APK, haijakubaliwa kwa programu mpya tangu Agosti 2021. Ufunguo wa kutia sahihi na nenosiri lake viweke nakala mahali pawili, kimoja nje ya laptopu.

Akaunti mpya za mtu binafsi zina sharti ambalo huwashtua wengi: kabla ya kuruhusiwa kutoa programu kwa umma, ni lazima ufanye jaribio la faragha lenye watu 12 kwa uchache, waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Mmoja akijitoa siku ya tisa na ukabaki na 11, hesabu imeharibika. Alika 18 au 20. Omba anwani ya Gmail ile ile ambayo kila mmoja ameingia nayo kwenye Play Store ya simu yake, maana ukitumiwa nyingine kiungo kitamwambia programu haipatikani. Wachanganye: manahodha, makarani wa boti, wanafunzi, na angalau wawili wenye simu za zamani zilizojaa picha, kwa kuwa hizo ndizo zitakazokuonyesha programu inapouawa njiani.